Skeni ya Wiki 20: Kwa Nini Ile Mashine Inatutisha Hivi

Wasee, leo hakuna video. Nikiwasha kamera nitalia, na mkiniona nikilia mtadhani kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Ama sijui bado, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Ni Jumanne usiku. Alhamisi saa nne asubuhi nina skeni. Mimba imefika wiki 20, ile skeni kubwa ya katikati ambayo mtoto anaangaliwa kuanzia fuvu hadi nyayo. Marafiki zangu wote wanauliza kitu kimoja: "Ni boy ama ni girl?" Mimi hata hiyo sijaifikiria. Kila nikifunga macho naona kichwa cha mtu anayeangalia skrini, na huyo mtu amenyamaza.

Wengi wenu hamjui hii, lakini miaka miwili iliyopita nililala kwenye kitanda kama hicho, wiki 12. Jamaa alipaka jeli, akaweka ile kitu tumboni, akaangalia. Halafu akaangalia tena. Akasema, "Ngoja kidogo," akatoka. Nilikaa pale na jeli baridi tumboni, naangalia dari, nahesabu vipande vya dari. Mtu mwingine kabisa ndiye alikuja kuniambia kwamba moyo haukuwa unapiga. Sitataja ni wapi. Nataka tu mjue kwa nini neno "skeni" linanikausha mdomo.

Sasa mnajua hapa kazi yetu ni historia ya vitu vya kawaida. Tulishafanya chapati, tukafanya matatu. Kwa hivyo badala ya kuendelea kutafuta kwa simu saa nane usiku kila kitu kinachoweza kumpata mtoto (msifanye hivyo, aki, hakuna mtu amewahi kutoka huko akiwa na amani), nimeanza kusoma hii mashine ilitoka wapi.

Kwanza nilimpigia shosho. Alizaa watoto wanane, akazika wawili, na hajawahi kupigwa skeni hata moja. Nikamuuliza, "Shosho, ukiwa na mimba ya miezi mitano, ulikuwa unaogopa?"

"Kuogopa nini?"

"Kama mtoto ako sawa."

Akakaa kimya kidogo. "Siku ya kuzaa ndiyo tuliogopa. Hizo siku zingine nilikuwa nalima. Nani angeniambia kitu?"

Hiyo "nani angeniambia kitu" imenikaa kichwani tangu jioni. Karibu historia yote ya binadamu imekuwa hivyo. Mama alijua mtoto anacheza, mkunga alipapasa tumbo kwa mikono, basi. Mwaka 1821 daktari Mfaransa anaitwa Kergaradec aliweka kifaa cha kusikilizia kwenye tumbo la mjamzito akitaka kusikia maji ya uzazi yakicheza, akasikia kitu kingine kinachogonga haraka kama saa. Ilikuwa moyo wa mtoto. Mwaka 1895 Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard, akatengeneza ile pembe ya kusikilizia. Kama umewahi kusindikiza mtu kliniki umeiona, ile kitu kama tarumbeta ndogo ambayo nesi anaweka tumboni na sikio juu yake. Bado inafanya kazi hapa kwetu, haihitaji stima wala bando.

Mwaka huohuo wa 1895 Röntgen akagundua eksirei, na baadaye madaktari wakaanza kuwapiga wajawazito picha nayo. Walifanya hivyo kwa miaka mingi. Aliyewasimamisha ni daktari mwanamke wa Oxford, Alice Stewart. Alitaka kujua kwa nini watoto wadogo wanakufa na kansa ya damu, akafanya kitu ambacho wenzake hawakuwa wamefikiria: akawauliza mama zao. Majibu ya akina mama yalionyesha kwamba mtoto aliyepigwa eksirei akiwa tumboni alikuwa kwenye hatari karibu mara mbili. Alianza kuchapisha hayo mwaka 1956, na kwa miaka mingi wakubwa wa fani yake walimpinga. Kwa hivyo ukiwa na wasiwasi kwamba mashine inaweza kumdhuru mtoto, usijione mshamba, kuna wakati mashine kweli ilidhuru. Lakini skeni ya siku hizi haitumii miale kama ile. Inatumia sauti, ya juu sana hadi sikio la binadamu haliisikii.

Na hiyo sauti ndiyo iliyonifanya nikae kitandani na taa imewashwa.

Mwaka 1880, ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba ukibana aina fulani za mawe ya fuwele, yanatoa umeme kidogo. Baadaye ikajulikana pia kwamba ukiyapa umeme, yanatetemeka. Meli ya Titanic ikazama 1912, watu wakaanza kutafuta namna ya kujua kuna barafu mbele hata kama huioni. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, nyambizi zikawa zinazamisha meli, na mwanafizikia Paul Langevin akatumia mawe hayo kurusha sauti ndani ya maji na kusubiri mwangwi urudi. Sauti ikigonga kitu inarudi, na ukipima imechukua muda gani unajua kitu kiko umbali gani. Miaka ya 1940 viwanda vikachukua ujuzi huohuo kutafuta nyufa ndani ya chuma. Unaweka kifaa juu ya chuma kinachong'aa vizuri kabisa, na mwangwi unakuonyesha ufa uliojificha ndani.

Mmeona inakoenda? Barafu, nyambizi, nyufa. Hata siku moja hawakuwa wanatafuta kitu kizuri.

Halafu anaingia Ian Donald, profesa wa uzazi huko Glasgow, Uskoti. Alikuwa kwenye jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita ya Pili na alijua habari za rada na sonari. Julai 1955 aliingia kwenye kiwanda cha boila cha Babcock & Wilcox, nje kidogo ya Glasgow, na kwenye buti za magari mawili alikuwa amebeba, shikeni viti, uvimbe uliotolewa kwa wanawake hospitalini. Wale wa kiwanda wakaleta kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Wakaweka kile kifaa cha kutafuta nyufa za chuma juu ya uvimbe, na mwangwi ukarudi tofauti kulingana na kama ndani kuna maji ama nyama ngumu. Yaani teknolojia ya picha ambayo nitaibandika kwenye friji ilijaribiwa kwa steki. Wueh.

Aliyetengeneza mashine yenyewe alikuwa rika letu. Tom Brown, fundi wa miaka 23 wa kampuni ya Kelvin & Hughes, alisikia kwamba kuna profesa anachunguza wagonjwa na kifaa cha kiwandani, akatafuta namba yake kwa kitabu cha simu, akampigia. Ni hivyo tu. Wao wawili na daktari John MacVicar wakachapisha kazi yao kwenye jarida la The Lancet tarehe 7 Juni 1958.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye karibu kila anayesimulia habari hii anamtaja. Mwanamke huyo alikuwa ameshaambiwa ana kansa ya tumbo isiyoweza kupasuliwa, yaani arudi nyumbani akangoje. Mashine ikaonyesha kitu kingine, mfuko wa maji uliotoka kwenye ovari. Wakampasua, wakautoa, haukuwa kansa. Akapona.

Nimesoma hiyo sehemu mara tatu. Nilikuwa nimeshaandika kichwani kwamba mashine hii kazi yake ni kuleta habari mbaya. Lakini huyu mama habari mbaya alikuwa nayo tayari, kutoka kwa watu, na mashine ndiyo iliyomtoa huko.

Siku hizo tumbo lilipakwa mafuta ya zeituni badala ya jeli, na picha haikutembea. Ilichorwa polepole, mstari kwa mstari. Maji tunayoambiwa tunywe kabla ya skeni pia yalitoka kwa Donald. Miaka ya 1960 aligundua kwamba kibofu kikijaa kinasukuma matumbo kando na kuwa kama dirisha la kuchungulia mimba changa. Kwa hivyo ukiwa kwenye foleni umebana miguu, sasa unajua wa kulaumu.

Lakini woga wa wiki 20 ulianza baadaye kidogo. Mwaka 1972, daktari Stuart Campbell na wenzake walichapisha kwamba wamegundua, kwenye mimba ya wiki 17, mtoto ambaye fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havikuumbwa. Kabla ya hapo jambo kama hilo mama aliligundua siku ya kuzaa, kama wakati wa shosho. Kuanzia hapo ikawezekana kujua katikati ya safari. Na ukishaweza kujua, kunakuwa na tarehe ya kujua. Saa nne asubuhi, Alhamisi, njoo na kadi ya kliniki.

Hapa ndipo siafikiani na wale wanaotuambia "acha kuwaza sana, nyanya zetu hawakuwa na hizi stress." Nyanya zetu hawakuwa na hii siku. Walikuwa na siku moja ya kuogopa, sisi tumepewa mbili. Ile ya pili ina umri wa miaka hamsini na kitu tu, hakuna methali yake, hakuna wimbo wake, hakuna shangazi anayejua mtu aambiwe nini usiku wa kuamkia skeni. Tunajifunza wenyewe, wengi wetu kwa simu gizani.

Tena hiyo ni sisi tuliobahatika. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe angalau skeni moja kabla ya wiki 24, na bado kuna wasichana wa umri wangu hapa Kenya ambao skeni yao iko mbali na nyumbani na pesa yake haipo. Najua kuna mtu anasoma hapa akisema "angalau wewe una ya kuogopa." Nimekusikia.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kujua kile kimya kinatoka wapi. Anayepiga skeni ya wiki 20 ana orodha ndefu: kichwa kina upana gani, mfupa wa paja una urefu gani, moyo una vyumba vinne, uti wa mgongo umefungika, figo ziko mbili, kondo la nyuma limekaa wapi. Anapima na kuhesabu, ndiyo maana hanongi. Ile kazi bado ina tabia ya kiwandani, kukagua chuma. Shida ni kwamba chuma hakisikii kimya na mimi nasikia. Sekunde tano za "sasa napima kichwa, nitanyamaza kidogo" zingenisaidia kuliko picha yoyote.

Kwa hivyo nimeamua nitaomba hilo. Nimeandika kwenye simu kabisa nisije nikasahau kwa woga: nilipoteza mimba, naomba uniambie kabla ya kunyamaza, na kukiwa na kitu, uniambie wewe, usitoke. Baba mtoto anaenda na mimi. Simu yangu ataichukua kesho saa tatu usiku na amekataa kuniambia ataificha wapi.

*

Alhamisi, saa tisa mchana. Naongeza.

Sikusoma kutoka kwa simu. Nilisema tu, "Daktari, samahani, mara ya mwisho nilipoteza, na kimya kinanitisha." Dada mwenyewe hakuwa daktari, alicheka kidogo, akasema, "Sawa, mama. Tutaongea." Akageuza skrini kidogo upande wangu. Akawa anataja moja moja. Alipofika kwa moyo alinyamaza, nikamfinya baba mtoto mkono hadi leo kuna alama, halafu akasema, "Nahesabu vyumba. Moja, mbili, tatu, nne."

Kila kitu kiko, ila kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa uzazi. Amesema kwa wengi linapanda tumbo likikua, nirudi wiki 32 waangalie tena. Nimeandika tarehe. Ndiyo, nimeanza kuiogopa tayari.

Nimempigia shosho nikamweleza yote, vyumba vinne, figo mbili, kondo. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama nimekula.