Kutoka Maria hadi Modjadji: Nyambizi za Afrika Kusini na Majina Yake

Nchi yetu ina kipande kifupi tu cha pwani, kule Muanda kwenye mlango wa mto Kongo, na haijapata kumiliki nyambizi hata moja. Ndiyo maana hata neno lenyewe si maarufu miongoni mwetu. Wengi tunapotaka kukitaja chombo hiki tunakimbilia Kifaransa, ilhali Kiswahili kinalo neno lake, nyambizi, ambalo linamkumbusha kila mtu mbizi anazopiga mwogeleaji. Basi kwa nini jarida la taaluma za Kiswahili lishughulike na jambo hili? Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni ya historia: nyambizi mojawapo ya Afrika Kusini ilifika kwa siri hadi maji ya Dar es Salaam. Ya pili ni ya lugha: majina yaliyopewa vyombo hivyo, kisha yakafutwa na kubadilishwa, yanaeleza siasa ya nchi ile kwa ufasaha kuliko hotuba nyingi.

Tuanze na haja yenyewe. Mnamo Oktoba 1942 nyambizi za Ujerumani zilivamia maji ya Rasi ya Tumaini Jema na kuzamisha meli nyingi za mizigo katika muda wa siku chache. Afrika Kusini wakati huo haikuwa na nyambizi. Ulinzi wa bahari ulikuwa hasa mikononi mwa Waingereza, waliokuwa na kituo kikubwa Simon's Town. Mkataba wa 1955 uliirudishia Afrika Kusini kituo hicho, na makabidhiano yakafanyika 1957, lakini Waingereza walibaki na haki ya kukitumia. Kisha mambo mawili yakageuza hali. Kwanza, baada ya mauaji ya Sharpeville ya 1960, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zote mwaka 1963 ziache kuiuzia Pretoria silaha, na serikali ya chama cha Labour iliyoshika madaraka Uingereza 1964 ikalifuata ombi hilo. Pili, mfereji wa Suez ulifungwa 1967, na meli za mafuta zikalazimika kuizunguka Rasi hadi 1975. Pretoria ikapata hoja ya kuwaambia watu wa Magharibi: njia yenu inapita mlangoni kwangu, nipeni cha kuilindia.

Aliyeitika alikuwa Mfaransa. Mwaka ule ule wa 1967 ziliagizwa nyambizi tatu za aina ya Daphné, zikaundwa Nantes katika karakana ya Dubigeon. Zilikuwa vyombo vidogo, vya urefu usiofikia mita 58, vikiendeshwa kwa dizeli vikiwa juu ya maji na kwa betri vikiwa chini, na kila kimoja kilikuwa na mirija 12 ya topido. Sifa yao ilikuwa ukimya. Lakini aina hiyo ilikuwa na mkosi wake. Mnamo Januari 1968 Minerve ya jeshi la Ufaransa ilipotea karibu na Toulon pamoja na watu 52 waliokuwamo, na mabaki yake hayakuonekana hadi 2019. Mnamo Machi 1970 nduguye Eurydice akazama na watu 57. Miezi michache tu baada ya msiba huo wa pili, mwaka huo huo wa 1970, mabaharia wa Afrika Kusini walikipokea chombo chao cha kwanza.

Chombo hicho kiliitwa Maria van Riebeeck, jina la mke wa yule kamanda wa Kiholanzi aliyeanzisha makazi ya Rasi mwaka 1652. Cha pili, Emily Hobhouse, kilipewa jina la Mwingereza aliyefichua mateso ya wanawake na watoto wa Kiburu katika kambi za Waingereza wakati wa vita vya 1899 hadi 1902. Cha tatu, Johanna van der Merwe, kilipewa jina la msichana wa Kiburu aliyenusurika mwaka 1838 huko Bloukrans, akiwa na majeraha mengi ya mikuki, pale askari wa mfalme Dingane wa Wazulu walipozishambulia kambi za wahamiaji. Msomaji atatambua mpango uliomo humu: mwanzilishi, mtetezi, mwathirika. Hiyo ndiyo historia ambayo Waburu walijisimulia wenyewe, imegawanywa katika vyombo vitatu vya chuma. Mwafrika aliyetajwa katika masimulizi hayo ni yule tu aliyeshika mkuki.

Lakini majina hayawezi kuamua kazi. Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizochapishwa baadaye na washiriki wenyewe, mwaka 1972 Emily Hobhouse ilisafiri hadi pwani ya Tanzania ikiwa imewabeba makomando wachache walioongozwa na Jan Breytenbach. Dar es Salaam haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, na vyama vya wapigania uhuru vya kusini vilikuwa na ofisi zao humo. Makomando hao waliteremshwa usiku, wakaenda nchi kavu kwa mitumbwi ya kukunja, wakatega baruti, kisha wakarudi chomboni kabla ya mapambazuko. Jina la mwanamke aliyewatetea wanyonge dhidi ya dola kubwa lilitumiwa kuwafikisha wategaji wa baruti katika mji uliowahifadhi wakimbizi. Hatuna hakika kama kulikuwa na afisa hata mmoja aliyeiona kejeli hiyo.

Katika miaka iliyofuata, hasa katika vita vya Angola, kazi hiyo ya kubeba makomando na kupeleleza pwani za majirani ndiyo iliyozishughulisha nyambizi hizi zaidi ya ile ya kulinda meli za mafuta. Hoja iliyotumiwa kuzinunua na matumizi yake hazikukutana.

Pretoria ilitaka nyingine. Iliagiza kutoka Ufaransa nyambizi mbili kubwa zaidi za aina ya Agosta, lakini mnamo Novemba 1977, baada ya kifo cha Steve Biko na kupigwa marufuku kwa vyama vingi, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 418 lililogeuza ombi la 1963 kuwa amri. Ufaransa ikazuia vyombo hivyo visitoke, navyo vikauzwa Pakistan, ambako viliitwa Hashmat na Hurmat. Mtu anayejua Kiswahili husikia mara moja heshima ndani ya jina la kwanza. Katika miaka ya 1980 Pretoria ilijaribu njia ya kando: makampuni ya Ujerumani Magharibi yalikubali kuiuzia michoro ya nyambizi ili ijiundie yenyewe, na siri hiyo ilipofichuka 1986 ilizusha kelele kubwa katika bunge la Bonn. Hakuna nyambizi iliyotokana na michoro hiyo. Isitoshe, aliyekuwa mkuu wa karakana za Simon's Town, Dieter Gerhardt, alikamatwa mwaka 1983, ikabainika kwamba alikuwa amewafanyia Wasovieti ujasusi kwa miaka mingi.

Baada ya uchaguzi wa 1994 serikali ilikuwa na nyambizi tatu zilizozeeka na majina matatu yasiyowahusu wananchi wengi. Mwaka 1999 majina yalibadilishwa. Maria akawa Spear, Emily akawa Umkhonto, Johanna akawa Assegaai. Tafsiri ya yote matatu kwa Kiswahili ni moja: mkuki, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kizulu, kisha kwa Kiafrikaans. Neno la tatu nalo lina safari yake, kwani asili yake ni lugha za Kiberiberi, likapitia Kiarabu na Kireno kabla ya kufika kusini. Na msichana aliyekumbukwa kwa kuchomwa mikuki akaondolewa ubavuni mwa chombo, mkuki wenyewe ukaandikwa mahali pake. Wapo watakaosema kwamba ni sadfa. Sisi tunaona kwamba hata kama ni sadfa, mwanafunzi wa majina hana ruhusa ya kuipita bila kusimama. Vyombo hivyo havikudumu na majina mapya. Kufikia mwisho wa 2003 vyote vilikuwa vimestaafu, na Assegaai peke yake ndiyo iliyohifadhiwa Simon's Town kuwa makumbusho.

Wakati huo nyingine tatu zilikwisha agizwa. Katika mkataba mkubwa wa silaha wa Desemba 1999, wa randi zipatazo bilioni 30, zilikuwamo nyambizi tatu za Kijerumani za aina ya 209, za urefu wa mita 62 na mabaharia wapatao 30 kila moja. Mkataba huo uliichafua serikali mpya kuliko jambo jingine lolote. Mbunge Andrew Feinstein alijiuzulu 2001 baada ya kuzuiwa kuuchunguza; Schabir Shaik, mshauri wa fedha wa Jacob Zuma, alihukumiwa 2005; tume iliyoongozwa na jaji Seriti ikasema mwaka 2016 kwamba haikuona ushahidi wa rushwa, na Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo 2019. Wakosoaji waliuliza, na swali lao halijazeeka, kwa nini fedha zilipatikana kwa nyambizi katika miaka ile ile wagonjwa wa UKIMWI walipoambiwa kwamba dawa ni ghali.

Majina, hata hivyo, yalichaguliwa kwa uangalifu. Ya kwanza, iliyopokelewa 2005, ni Manthatisi, malkia aliyewaongoza Batlokwa kwa niaba ya mwanawe Sekonyela katika misukosuko ya miaka ya 1820. Wageni walilitumia jina lake kuwaita makundi ya watu ambao hakuwahi hata kuwaona. Ya pili, ya 2007, ni Charlotte Maxeke, aliyehitimu chuo kikuu huko Ohio mwaka 1901 na kuanzisha umoja wa wanawake Waafrika 1918. Ya tatu, ya 2008, ni Queen Modjadji, malkia wa mvua wa Balobedu. Desturi ya kutumia majina ya wanawake ilibaki ile ile. Waliobadilika ni wanawake wenyewe.

Fedha za kuzitunza hazikupatikana kama zilivyopatikana za kuzinunua. Mwaka 2007 Manthatisi ilizikwepa na kuzishinda manowari za NATO katika mazoezi ya pamoja karibu na Rasi, lakini baadaye ikakaa bandarini miaka kadhaa ikingoja matengenezo. Queen Modjadji iligonga sakafu ya bahari 2012. Imekuwa nadra kuona zaidi ya moja ikiwa tayari kwa kazi.

Tarehe 20 Septemba 2023 Manthatisi ilikuwa njiani kutoka Simon's Town kwenda Cape Town. Karibu na Kommetjie, helikopta ikishusha vifaa chomboni, mawimbi makubwa yaliwazoa mabaharia 7 waliokuwa sitahani. Wanne waliokolewa. Watatu walikufa, mmoja wao Luteni Kamanda Gillian Hector, mwanamke wa kwanza katika Afrika kuwa afisa mwongoza njia wa nyambizi. Katika miaka zaidi ya hamsini ya nyambizi zilizobeba majina ya wanawake, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo zikiendeshwa na wanaume watupu, yeye alikuwa miongoni mwa wachache walioingia ndani kufanya kazi.