Kabla ya kuukata mpapai usiozaa, lichunguze kwanza ua lake

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyua nyingi za nyumba za mijini hapakosi mpapai. Mara nyingi haukupandwa kwa makusudi. Mbegu zilitupwa pamoja na maji ya kuoshea vyombo, zikaota zenyewe kando ya ukuta. Mti hukua upesi, huchanua maua kwa wingi, na wenye nyumba huanza kuyahesabu mapapai kabla hayajaonekana. Kisha maua hudondoka, mwaka hupita, na tunda halipatikani hata moja.

Hapo ndipo maneno huanza. Wapo wasemao mti umepatwa na kijicho cha jirani, wapo wanaopigilia msumari katika shina ili mti ushtuke na kuzaa, na wapo wanaochukua panga. Lakini yawezekana mti huo hauna ugonjwa wowote. Jibu limo katika maua yake, na kila mtu anaweza kulipata kwa macho yake mwenyewe.

Sehemu za ua

Ua ni kiungo cha uzazi cha mmea. Ua lililo kamili lina sehemu kuu nne, zilizopangwa kwa duara kutoka nje kwenda ndani. Kwanza ni sepali, ambazo hulifunika ua lingali changa. Hufuata petali, ambazo kwa rangi na harufu yake huwavuta wadudu.

Ndani ya petali kuna stameni, yaani viungo vya kiume. Kila stameni ni kijiti chembamba chenye vifuko vya chavua, ule unga ambao mara nyingi huwa wa manjano na hubaki kidoleni mtu aligusapo ua. Katikati kabisa imo pistili, kiungo cha kike. Juu yake ipo stigma, sehemu inayonata na kupokea chavua; chini yake ipo ovari, chumba kinachohifadhi ovuli, ambazo ndizo mbegu za baadaye.

Chavua inapotua juu ya stigma ya ua la aina yake, chembe huotesha mrija mwembamba unaoteremka hadi kwenye ovuli. Ndani ya mrija huo husafiri seli mbili za kiume. Moja huungana na yai na kuanzisha mmea mpya. Ya pili huanzisha akiba ya chakula cha mmea huo mchanga. Tendo hili la maradufu lilielezwa mwaka 1898 na mwanasayansi wa Urusi, Sergei Nawaschin.

Kazi hiyo ikikamilika, petali hunyauka, ovuli huwa mbegu na ovari huvimba kuwa tunda. Kwa maneno mengine, papai tulilalo ni ovari iliyokomaa, na kila mbegu nyeusi iliyomo ndani yake ilihitaji chembe yake ya chavua. Mbegu hizo hufika mia kadhaa katika papai moja.

Jinsia tatu za mpapai

Mimea mingi huwa na viungo vya kiume na vya kike katika ua moja. Mingine, kama mahindi na maboga, hutenganisha maua ya kiume na ya kike lakini huyabeba katika mmea mmoja. Kundi dogo, takribani asilimia 5 hadi 6 ya aina zote za mimea itoayo maua, huwa na miti dume na miti jike. Mtende ni mfano mashuhuri: wakulima wa Oman hupanda juu ya mitende jike na kuipachika maua ya mtende dume kwa mikono.

Mpapai, ambao asili yake ni Amerika ya Kati na kusini mwa Mexico, una jinsia tatu. Mpapai dume hutambulika kwa maua madogo membamba, mengi, yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi. Mpapai jike huwa na maua makubwa zaidi, yaliyokaa karibu kabisa na shina. Ukilifungua ua lake utaona ovari nene na hutaona stameni. Wa tatu ni mpapai wenye jinsia mbili, ambao ua lake lina ovari ndefu iliyozungukwa na stameni. Huo huweza kuzaa peke yake, na mapapai yake huwa marefu, ilhali ya mpapai jike huelekea kuwa ya mviringo.

Mche hauonyeshi jinsia yake mpaka uchanue, kwa kawaida miezi michache baada ya kupandwa. Ndiyo maana wakulima hupanda miche mitatu au minne katika shimo moja, husubiri maua, kisha hung'oa isiyohitajika.

Wachavushaji wa jioni

Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wachavushaji wakuu wa mpapai ni nondo wakubwa wenye mrija mrefu wa kunyonya, warukao kwa kasi wakati wa magharibi. Hufuata nekta katika maua ya kiume. Maua ya kike hayana nekta. Nondo huyatembelea kwa kukosea, na kosa hilo ndilo hutupatia papai. Utafiti huo ulibaini pia kwamba shamba likiwa mbali na vichaka vya asili, nondo hao hupungua. Anayepulizia sumu ya wadudu jioni, maua yakiwa wazi, huenda anajinyima matunda mwenyewe.

Ushauri kwa mwenye mti

Ikiwa maua ya mti wako yananing'inia kwenye vikonyo virefu, huo ni dume, na msumari hautaubadilisha. Ikiwa yamekaa karibu na shina, yana ovari nene bila stameni na yanadondoka, huenda ni jike lililokosa chavua; panda dume au mpapai wenye jinsia mbili karibu yake. Katika shamba la mipapai jike, dume 1 kwa majike 10 hivi hutosha.

Na ikiwa mpapai wako unazaa vizuri, usimshauri jirani aukate wake asioufaidi. Mti huo unaoitwa tasa huenda ndio unaouzalisha wako.