Pesa za Mche na Pesa za Kiangazi

Tarehe 21 Desemba 2022, katika msitu wa vilima vya Ngong, jirani na mji wa Kiserian, Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tangu hapo shule na vikundi vya vijana vya kaunti ya Kajiado vimehimizwa kuanzisha vitalu na kuomba ruzuku. Ni fursa ya kweli, lakini historia ya fedha hizi nchini Kenya inatuonya: mche hupata mfadhili upesi, mtunzaji wake hukosa. Anayeandika ombi la ruzuku Kiserian aanze na tangi la maji, uzio na ujira wa mtunzaji, miche ifuate.

Historia hiyo ina mafunzo. Vyama vya kilimo vya wanafunzi vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza shuleni mwaka 1962, vikafifia baadaye, na serikali ikavifufua mwaka 2021. Mwanamazingira Wangari Maathai naye alipanda miti saba Kamukunji tarehe 5 Juni 1977, na hapo likazaliwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Nguvu yake ilikuwa katika sharti la malipo: akina mama walipewa senti chache kwa kila mche ulioshika na kuishi. Kisha, mwaka 1992, ukaja mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, ambao umewezesha vikundi vya mashinani kupata fedha zisizorudishwa. Hazina ya Vijana ya mwaka 2006 na Hazina ya Uwezo ya 2013 zilifungua mlango mwingine, ila huo ni wa mikopo. Kuku na nyanya huweza kulipa deni ndani ya miezi michache, mwerezi hauwezi. Kijana mwenye deni atachagua kuku, na hapo hana kosa.

Kiserian yenyewe inaeleza kwa nini utunzaji ni ghali. Mche uliopandwa Aprili hunyweshwa na masika, kisha kiangazi huanza Juni na kuendelea hadi vuli. Shule zinapofungwa Agosti, wanafunzi waliokuwa wakibeba madumu huenda makwao, na mbuzi hupenya palipolegea seng'enge. Muhula wa tatu ukifunguliwa, mashimo yapo, miche haipo.

Wafadhili watasema kwamba miche huhesabika, utunzaji hauhesabiki. Basi wahesabu miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, na wabakize sehemu ya fedha hadi siku hiyo; akina mama wa Maathai walipimwa kwa kipimo cha namna hiyo. Wengine wanahofu kwamba kulipa vijana kutaua moyo wa harambee. Harambee ina nafasi yake: wazazi wachimbe mashimo, na samadi ya mabomani iwe mchango wa jamii. Kuteka maji kila jioni kwa miezi minne ni kazi, na kazi ina ujira.

Mpango wa kitaifa wa FLLoCA (Financing Locally-Led Climate Action) umekuwa ukipeleka fedha za tabianchi katika kaunti, na kamati za wadi hushiriki kupendekeza miradi. Walimu wakuu na viongozi wa vikundi wahudhurie vikao hivyo wakiwa na bajeti ambayo maji yametajwa mstari wa kwanza, na wakatae mradi wowote unaoishia siku ya kupanda.