Pembesita ya Zohali Iligunduliwa Lini?

Katika kazi yangu ya kwanza ya somo la mbinu za historia, niliandika kwamba umbo la pembesita kwenye ncha ya kaskazini ya sayari ya Zohali liligunduliwa mwaka 1980. Mhadhiri aliizungushia tarehe hiyo wino mwekundu na kuuliza: "Na nani?" Sikuwa na jibu. Insha hii inajaribu kulitoa.

Chombo cha Marekani, Voyager 1, kilipita karibu na Zohali Novemba 1980, na Voyager 2 kikafuata Agosti 1981. Vyote viwili vilipiga picha za mawingu ya kaskazini. Hata hivyo, picha hizo zilipigwa kwa mshazari, kila moja ikibeba kipande tu. Mwaka 1988 David Godfrey aliziunganisha zikawa ramani inayoitazama ncha kutoka juu. Hapo ndipo pande sita zilipojitokeza. Kwa takriban miaka saba ushahidi ulikuwapo, lakini haukuwa umesomwa hivyo.

Pembesita hiyo ni mkondo wa upepo mkali unaoizunguka ncha, na kila upande wake ni mrefu kuliko kipenyo cha Dunia. Katikati yake kuna kimbunga. Chombo cha Cassini kilipofika mwaka 2004, ncha hiyo ilikuwa katika giza la majira ya baridi, kwani mwaka mmoja wa Zohali ni takriban miaka yetu 29. Mwaka 2006 kifaa kinachopokea joto la sayari yenyewe kiliiona pembesita gizani. Baada ya Agosti 2009 jua lilianza kuiangaza ncha, nayo ikaonekana kwa kamera za kawaida. Ilikuwa bado ipo.

Yupo atakayesema kuwa 1980 inatosha, maana picha zilikuwapo. Sikubaliani naye. Picha ni chanzo, na ugunduzi huanza pale mtu anapokipanga chanzo ili kijibu swali. Godfrey hakuhitaji chombo kipya, alihitaji kuzipanga upya picha za zamani. Sisi wanahistoria tunapenda kusema kwamba nyaraka huzungumza, tukasahau kwamba huhitaji kwanza mtu wa kuzihoji.

Kwa hiyo ninasahihisha sentensi yangu: pembesita ya Zohali ilipigwa picha mwaka 1980 na 1981, ikagunduliwa mwaka 1988 na David Godfrey.