Mota ya sumaku ya kudumu

Mota ya sumaku ya kudumu ni mashine inayogeuza nishati ya umeme kuwa mwendo wa kuzunguka. Hutumika katika magari ya kuchezea, feni ndogo za betri na waipa za magari.

Ndani ya ganda lake la chuma hubandikwa sumaku mbili za kudumu zisizosogea. Katikati huzunguka rota, yaani kiini cha chuma kilichoviringishiwa waya wa shaba. Mkondo wa umeme ukipita katika waya huo, kiini huwa sumaku-umeme yenye ncha ya kaskazini na ya kusini. Ncha zinazofanana husukumana na zisizofanana huvutana, hivyo rota hugeuka.

Rota ingesimama pale ncha zisizofanana zinapokaribiana. Kinachozuia hali hiyo ni komyuteta, pete ya shaba iliyokatwa vipande na kuguswa na brashi za kaboni. Vipande vinapobadilishana brashi, mkondo hugeuka uelekeo, ncha za sumaku-umeme hubadilika na mzunguko huendelea. Nyaya za betri zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume.

Mwaka 1821 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha mwendo kama huo: waya wenye umeme ukizunguka sumaku.