Deni la zamani: namna ya kulimaliza na kurudisha uaminifu wako

Katika makanisa yetu ya Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia kuna ndugu ambao hatuwaoni tena siku ya Mungu. Hawakuacha imani. Wanamkwepa mtu mmoja anayeketi kwenye benchi la mbele, kwa sababu walimkopa dola 200 miaka minne iliyopita. Wengine walibadilisha namba ya simu, wengine walihama avenyu. Wengine wanatamani kukopa mtaji mdogo tena, lakini kila koperative inawarudisha.

Makala hii ni kwa ajili ya yule anayedaiwa, kwa aliyemdhamini, kwa mjane aliyeachiwa deni, na kwa wazee wa kanisa wanaoletewa mambo haya. Tunachosema ni kimoja: deni la zamani linaanza kupungua siku mdaiwa anapomfuata mdai mwenyewe, akiwa na hesabu ya kweli na ahadi ndogo anayoweza kuitimiza.

Deni lako limeandikwa wapi?

Mahali pa kwanza ni faili ya mkopeshaji: koperative ya akiba na mkopo (Coopec), shirika la mikopo midogo au benki. Humo kuna mkataba, tarehe ulizochelewa, na jina la mdhamini wako.

Mahali pa pili ni Banki Kuu ya Kongo, kwenye huduma inayoitwa Centrale des risques. Mabenki na mashirika ya mikopo hupeleka huko habari za mikopo na za wale wasiolipa, na mkopeshaji mpya anaweza kuuliza huko kabla ya kukupa pesa. Ndiyo sababu aliyekimbia deni katika mji mmoja anaweza kushangaa akikataliwa katika mji mwingine.

Mahali pa tatu ni vinywa vya watu: soko, avenyu, likelemba, kanisa. Huko hakuna karatasi, lakini ndiko wengi wetu tunakokopa kwanza. Kila mahali pana njia yake ya kutengeneza, nasi tutazieleza.

Hatua ya kwanza: hesabu ya kweli

Chukua daftari. Andika madeni yote, hata yale ya aibu. Kwa kila deni andika: ni la nani, lilichukuliwa lini, pesa ya msingi ni ngapi, umekwisha kulipa ngapi, nani alikuwa shahidi, na karatasi iko wapi. Kama ni koperative, nenda uombe hali ya mkopo wako kwa maandishi. Omba watenganishe mambo matatu: pesa ya msingi iliyobaki, riba, na faini za kuchelewa. Kutenganisha huku kuna faida, kwa maana mkopeshaji akikubali kupunguza kitu, mara nyingi ataanza na faini.

Angalia pia deni ni la dola au la franga. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930. Mwaka 2024 ilipita franga 2.800. Aliyekopa franga 930.000 wakati ule alichukua thamani ya dola 1.000 hivi, akirudisha franga hizo hizo kwa bei ya 2024, anarudisha kama dola 330. Kwenye koperative, mkataba ndio unaoamua. Kati ya ndugu na ndugu, mkataba mara nyingi haupo, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Kaeni pamoja mbele ya shahidi mmoja, mkubaliane kiasi kimoja ambacho wote wawili mnaona ni cha haki, kisha mkiandike.

Hatua ya pili: ahadi unayoiweza

Tuchukue mfano wa familia inayoingiza dola 180 kwa mwezi. Chakula ni 95, kodi ya nyumba 30, shule na dawa 25. Inabaki dola 30. Familia hii isiahidi dola 50 ili kumfurahisha ajenti wa mikopo. Iahidi 20, na 10 zibaki kwa ajili ya homa na msiba. Ahadi ya 20 ikitimizwa miezi sita mfululizo inajenga uaminifu. Ahadi ya 50 ikivunjika mwezi wa pili inaharibu hata ule uaminifu mdogo uliobaki.

Kama madeni ni mengi, ni lipi litangulie? Sisi tunashauri hivi. Kwanza, deni la banki lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani, kwa sababu ndilo linalokua haraka kuliko yote. Mtu aliyekopa dola 100 kwa riba ya 30 kwa mia kila mwezi, akilipa riba peke yake miezi kumi, ametoa dola 300 na bado anadaiwa 100 zile zile. Pili, deni ambalo pariseli au nyumba imewekwa rehani. Tatu, deni ambalo mdhamini ameanza kusumbuliwa kwa ajili yako. Na kati ya hayo usimsahau mdai maskini: kibarua hujamlipa, mama muuza makala uliyechukua gunia lake. Yeye hana ajenti wa kumfuatilia, lakini watoto wake wanakula kwa pesa ile. Hata dola 5 kwa mwezi zimfikie.

Usichukue mkopo wa banki lambert ili kulipa koperative. Hapo unahamisha deni kutoka mahali pa riba ndogo kwenda mahali pa riba kubwa.

Hatua ya tatu: kumfuata mdai

Nenda mapema, kabla hajaja. Kwenye koperative omba kumwona mkuu wa mikopo au gerani, maana ajenti peke yake mara nyingi hana uwezo wa kuamua. Beba mkataba, kitabu cha akiba, risiti za zamani na kitambulisho. Eleza kilichotokea bila kukiongeza. Wengi wetu tuna sababu za kweli: vita, kukimbia, ugonjwa, au lava ya Nyiragongo ya 22 Mei 2021 iliyomeza nyumba na mali. Lava haikufuta mikopo, lakini hasara inayoshuhudiwa na karatasi ya chifu wa kata ni sababu nzuri ya kuomba malipo yapangwe upya na faini ziondolewe.

Mkikubaliana, pateni maandishi yenye kiasi chote, kiasi cha kila mwezi, tarehe, na sahihi za pande mbili. Kisha lipa kwenye gishe na kupewa risiti. Usimpe ajenti pesa mkononi njiani, hata kama unamjua na mnasali pamoja. Ukilipa kwa simu, tunza ujumbe na uandike namba yake katika daftari, kwa sababu simu hupotea.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Goma na Bukavu wanaliuliza sana. Mabenki yalipofunga milango huko mwanzoni mwa mwaka 2025, je, deni lilikwisha? Hapana. Mlango ukifungwa, mkataba bado upo. Tafuta njia ambayo benki yenyewe imeitangaza, andika ujumbe kuonyesha kwamba ulitaka kulipa, na utunze nakala. Ni vivyo hivyo koperative ikifilisika: Banki Kuu ikiifunga, msimamizi anayewekwa kumaliza hesabu zake ndiye anayepokea madeni. Aliyekuwa ajenti akija nyumbani kukusanya, mwombe karatasi inayompa mamlaka. Kama hana, usilipe.

Sheria inasema nini?

Kushindwa kulipa peke yake si kosa la gereza. Kongo ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu mwaka 1976, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza mkataba. Lakini hundi isiyo na pesa, udanganyifu, au kutumia kwa mambo yako mali uliyokabidhiwa ni mambo mengine, na hayo yanaweza kupelekwa mbele ya sheria ya makosa. Basi ukiitwa na polisi kwa ajili ya deni, usikimbie na usitie sahihi karatasi yenye kiasi usichokijua. Omba mwanasheria au ndugu anayesoma vizuri awe pamoja nawe.

Mdai ana haki ya kwenda tribinali. Tangu 12 Septemba 2012 Kongo inafuata sheria za OHADA, na ndani yake kuna njia ya haraka ya kumwamuru mdaiwa kulipa. Amri hiyo ikikufikia, siku za kuipinga ni chache. Ipeleke kwa mwanasheria siku ile ile. Watu wengi wanapoteza pariseli kwa sababu waliiweka amri chini ya godoro, na hali walikuwa na risiti za kutosha kujitetea. Unaweza pia kumwomba hakimu muda wa kulipa kidogo kidogo.

Madeni nayo yana umri. Kwa sheria ya biashara ya OHADA, dai linalotokana na biashara kwa kawaida linazeeka baada ya miaka 5. Madai ya kiraia yana muda mrefu zaidi. Hatuandiki haya ili mtu ahesabu miaka na kujificha: mbele ya Mungu na ya jirani, pesa uliyokula unaijua. Tunayaandika kwa ajili ya mjane anayeletewa karatasi ya zamani isiyo na shahidi. Ajue kwamba akitia sahihi kulikubali deni, miaka inaanza kuhesabiwa upya.

Mjane na mdhamini

Baba akifa, deni lake linalipwa kwanza kutoka katika mali aliyoiacha, kabla ya kugawanya urithi. Mama asitie sahihi kitu chochote siku za kilio. Baada ya matanga, aende kwenye koperative na hati ya kifo na kuuliza swali moja: je, mkopo huu ulikuwa na bima ya kifo? Mikopo mingi inayo, na bima imekwisha kulipiwa na marehemu mwenyewe. Asiyeuliza anaweza kulipa deni ambalo tayari lina mlipaji.

Mdhamini naye asingoje. Methali sura ya 6 inamshauri aliyejifunga kwa ajili ya mwingine aende upesi, hata kabla ya kulala, ajinyenyekeze na kuomba kufunguliwa. Nenda na mdaiwa mkono kwa mkono, mpange malipo. Ukilipa mahali pake, omba risiti yenye jina lako ili uweze kumdai baadaye.

Kutengeneza jina

Siku ya malipo ya mwisho, omba hati ya kumaliza deni, yenye tarehe, sahihi na muhuri. Kama uliweka hati ya pariseli rehani, irudishwe siku hiyo. Kisha iombe koperative kwa barua ipeleke habari mpya kwenye Centrale des risques, nawe ubaki na nakala iliyopokelewa. Aliyepeleka habari ya deni ndiye anayepaswa kuirekebisha. Mtu akikuambia kwamba kwa dola 50 atafuta jina lako kule Kinshasa, huyo ni mwizi.

Baada ya hapo uaminifu unajengwa kwa mambo madogo yanayorudiwa. Weka akiba kila juma, hata franga 2.000. Ingia katika AVEC, ile akiba ya kijiji iliyoanzishwa Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima: watu 15 hadi 25, sanduku lenye kufuli tatu, hesabu inasomwa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka mnagawana. Hapo watu wanakuona ukileta pesa yako mwaka mzima. Omba mkopo mdogo, urudishe kabla ya tarehe, ndipo uombe mkubwa kidogo. Ukirudi kwenye koperative, beba kitabu cha AVEC pamoja na ile hati.

Kwa wazee wa kanisa

Deni la mtu lisitangazwe madhabahuni. Mchungaji asiwe ajenti wa kukusanya, na mali ya kanisa isiwekwe rehani kwa mkopo wa mshirika. Tunachoweza kufanya ni kuwa mashahidi: mzee mmoja na mama mmoja waaminifu, wanaokaa na pande mbili, wanaandika mapatano na kuyafuata kila mwezi bila kelele.

Na ndugu mnaodai, tunawakumbusha Kumbukumbu la Torati sura ya 24: anayechukua rehani asimame nje, asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa, na vazi la maskini arudishiwe kabla ya usiku ili apate kujifunika. Una haki ya kudai pesa yako. Lakini cherehani unayoibeba leo ndiyo ingelikulipa mwezi ujao.

Juma hili, fungua daftari. Andika jina la mdai mmoja, yule unayemkwepa zaidi, na kiasi. Tafuta mtu mmoja wa kukusindikiza, kisha umpigie simu kabla ya siku ya Mungu.