Kongo ya Vitabuni

Katikati ya miaka ya 1850, mmisionari Mjerumani Jakob Erhardt alikaa Tanga akiwahoji wafanyabiashara waliorudi kutoka bara. Kila mwenye msafara alimweleza habari inayofanana: ukitembea siku nyingi kuelekea magharibi, utafika kwenye maji ambayo ng'ambo yake haionekani. Waliopita njia ya kusini walisema kweli, maana walifika Nyasa. Waliopita Tabora hadi Ujiji walisema kweli, maji yao yalikuwa Tanganyika. Na waliopanda kaskazini waliijua Nyanza. Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann wakayaunganisha maji yote hayo, wakachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono aliyevuliwa gamba. London waliijadili ramani hiyo kwa hamu, na mwaka 1857 Richard Burton na John Speke wakaingia bara kwenda kujionea.

Wenyeji wa njia hawakudanganya. Kosa lilizaliwa pale habari za watu wengi, kila mmoja na njia yake, zilipotiwa ndani ya mchoro mmoja na mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona maji hayo. Nimesoma vitabu vya mwongozo wa safari vya miaka mingi kuhusu Kongo, na naona kosa hilo likirudi kila zama, likivaa nguo mpya.

Ulaya vitabu hivi vilikuwa na bahati. John Murray wa London na Karl Baedeker wa Koblenz walipoanza kuvichapa katika miaka ya 1830, reli na hoteli za kudumu zilikuwa zinaenea. Kitabu kikisema treni inaondoka saa fulani, kuna shirika lililoahidi kuiondoa saa hiyo. Msomaji anadhani anamwamini mwandishi, kumbe anaiamini ratiba.

Kongo haikuwa na ratiba. Mpelelezi David Livingstone alifika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mwaka 1871 akiamini kuwa mto huo ndio chimbuko la Nile. Mpelelezi mwenzake Henry Stanley alipofika huko mwaka 1876 hakuwa na kitabu cha kumwonyesha mto unakoelekea. Alichokuwa nacho ni mapatano na Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, aliyekubali kumsindikiza kwa malipo sehemu ya safari. Agosti 1877 alitokea Boma, karibu na Atlantiki. Wazungu watatu alioanza nao safari walikuwa wamekufa wote, pamoja na watu wengi wa pwani waliombebea mizigo na kumpigia makasia. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1878 kikawa, kwa miaka mingi, ndiyo mwongozo wa kila Mzungu aliyetaka kuingia huko. Kinaeleza mto vizuri sana. Watu wa kandokando ya mto kinawaona zaidi kupitia mtutu wa bunduki.

Halafu ikaja serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, na hapo lazima nikae kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ofisi yake ya utalii ilichapa mwongozo mnene wa Kongo na Ruanda-Urundi, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Ni kazi ya watu makini: umbali wa barabara, vivuko, hoteli, meli za mtoni, reli ya kilomita 125 kati ya Stanleyville na Ponthierville, iliyojengwa kuyakwepa maporomoko. Kwa mgeni aliyekusudiwa, kilitegemeka pengine kuliko kitabu chochote kilichokitangulia au kilichokifuata. Lakini msafiri Mkongo wa mwaka huohuo angekisoma kama habari za nchi nyingine. Yeye alihitaji kibali kuhama wilaya, na usiku hakuruhusiwa kuzurura mitaa ya Wazungu. Barabara zilizosifiwa zilitunzwa na wanavijiji, wengi wao kwa kulazimishwa. Kitabu kinaweza kuwa sahihi kwa kila kilomita na bado kikaificha nchi, na msomaji wake akashindwa kuelewa kwa nini, baada ya uhuru wa Juni 1960, mambo yalibadilika haraka namna ile.

Yalibadilika hata majina. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire, na mwaka 1997 ikarudia jina la Kongo. Vijana wa Ulaya na Australia waliovuka Afrika kwa malori miaka ya 1970 walikuja na vitabu vya aina mpya, vya bei rahisi. Lonely Planet walitoa chao cha Afrika nzima mwaka 1977. Vilitegemea barua za wasafiri: nani kalala wapi, kalipa ngapi. Njia hiyo naiheshimu, kwa kuwa angalau mtoa habari alipita mwenyewe. Tatizo ni kwamba barua husafiri polepole kuliko bei. Mwaka 1993 Zaire ilipobadilisha fedha, zaire moja mpya ilikuwa na thamani ya zaire milioni tatu za zamani. Safu nzima ya bei ikageuka karatasi tupu.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998, na waandishi wengi wakaiacha Kongo kwa aya chache za kuonya. Wachapishaji Bradt walithubutu kutoa kitabu kizima mwaka 2008, lakini mashariki hakuna kitabu kinachoweza kwenda sambamba na matukio. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji wa Goma na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mwaka 2015 mikoa 11 ikagawanywa kuwa 26. Mbuga ya Virunga ilifungiwa watalii mwaka 2018, ikafunguliwa mwaka uliofuata, ikafungwa tena 2020. Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23.

Kwa hiyo mimi hukisoma kitabu cha Kongo kwa kuchambua, kama mchele. Bei, hoteli, hali ya barabara na jina la anayeshika mji naviweka kando, nitaviuliza stendi kwa madereva na bandarini kwa wenye baleinière, zile boti ndefu za mbao zinazobeba abiria na magunia pamoja. Wao hawaulizi kitabu kimetoka lini. Wanauliza nani ameshuka jana kutoka juu, na maji yakoje.

Lakini mto siuweki kando. Kutoka Kinshasa chombo kinapanda kilomita 1,700 hivi, na kikifika Kisangani maporomoko ya Boyoma yanakizuia, kama yalivyovizuia vyombo vya Tippu Tip vilivyotoka upande wa juu. Hapohapo Lingala inakutana na Kiswahili, ambacho kilifika na misafara ya akina wale waliohojiwa Tanga. Ramani ya ziwa lile kubwa ilichapwa kwa majina ya Erhardt na Rebmann.